Kukusanya, Kukinga na Kuteka: Kichunguzi cha Elektroni katika Plazima Yenye Sumaku na Migongano

Utangulizi

Mkazi wa Kakamega aliyefungua redio ya masafa mafupi katika miaka ya 1970, ili asikilize Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyoanza mwaka wa 1957 au ile ya Deutsche Welle iliyoanza mwaka wa 1963, alipokea sauti iliyokuwa imepanda angani na kurudi. Mawimbi ya masafa mafupi hayaufuati mviringo wa dunia yakiwa chini. Hupaa hadi kwenye tabaka lililosheheni elektroni, kilomita mia moja hadi mia kadhaa juu ya ardhi, kisha yakarudishwa chini mbali na yalikotoka. Tabaka hilo ndilo ayonosfia. Kila jioni sauti ilipofifia na kurejea, sababu mojawapo ilikuwa huko huko juu: plazima ya eneo la ikweta hutibuka baada ya jua kutua, ikafanya viputo na mafundo yanayovuruga njia ya mawimbi.

Kwa hiyo elektroni hizo zimekibeba Kiswahili kwa miongo mingi. Kiswahili kwa upande wake hakijazibeba sana. Anayetaka kujua jinsi zinavyohesabiwa hulazimika kwenda kwenye Kiingereza, na akirudi nyumbani na maarifa hayo hukuta faharasa ya istilahi inayompa neno moja mbele ya neno moja. Makala haya yanashughulikia jambo moja tu katika elimu hiyo, nalo ni namna kipande cha metali kilichotumbukizwa ndani ya plazima kinavyopata elektroni pale ambapo pana uga sumaku na pana migongano. Hoja inayotetewa ni kwamba kitenzi kukusanya, ambacho mfasiri yeyote angekishika kwanza, ni sahihi katika hali moja na kinapotosha katika hali nyingine mbili. Suala hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kuliko linavyoonekana. Katika chuo kama kile cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, mjini Kakamega, kilichopata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka wa 2007, mwanafunzi wa fizikia na mwanafunzi wa Kiswahili hula katika ukumbi mmoja. Ni jambo la kusikitisha kwamba kila mmoja huweza kuhitimu bila kumsomea mwenzake hata ukurasa mmoja.

Plazima, kichunguzi na shibe

Gesi ikipashwa moto sana, au ikipigwa na miale mikali ya jua, atomi zake hupoteza elektroni. Hubaki mchanganyiko wa elektroni zenye chaji hasi, ayoni zenye chaji chanya na atomi ambazo hazijaguswa. Mchanganyiko huo ndio plazima, jina alilolitumia Mmarekani Irving Langmuir mwaka wa 1928. Wapo waandishi wanaotumia istilahi ya utegili. Neno plazima limetumiwa hapa kwa sababu ndilo msomaji atakalokutana nalo kwingi zaidi, wala si kwa kulidharau lile jingine.

Ni Langmuir huyo huyo, akishirikiana na Harold Mott-Smith, aliyechapisha mwaka wa 1926 nadharia ya kifaa kinachoitwa hadi leo kichunguzi cha Langmuir. Katika anwani ya makala yao kifaa hicho kiliitwa kwa neno lenye maana ya mkusanyaji, na hapo ndipo kitenzi kinachojadiliwa hapa kilipoanzia safari yake. Kifaa chenyewe ni sahili mno: tufe, sindano au kisahani cha metali, kilichofungwa kwenye waya, upande wa pili wa waya ukiwa na chanzo cha volteji na kipimio cha mkondo. Ugumu wote umo katika kuyafasiri yale kinayoyasema.

Kichunguzi kikipewa volteji hasi ya kutosha, elektroni hufukuzwa na ayoni peke yake hufika. Mkondo huwa mdogo. Volteji ikipandishwa polepole, elektroni zenye kasi kubwa huanza kupenya, kisha zile za kasi ya wastani, na mkondo hupanda kwa haraka sana. Kadiri ya upandaji huo humwambia mtafiti halijoto ya elektroni. Hatimaye kichunguzi hufikia hali ambapo hakifukuzi elektroni yoyote. Kila inayofika hupokewa, na kuongeza volteji hakuongezi mkondo kwa kiasi kikubwa. Mkondo huo wa mwisho unafaa kuitwa mkondo wa shibe, kwa kuwa kichunguzi kimeshiba. Kutokana na shibe hiyo, wingi wa elektroni katika kila mita ya ujazo hukokotolewa: mkondo ni robo ya zao la wingi na kasi ya wastani, mara eneo la kichunguzi, mara chaji ya elektroni moja.

Istilahi moja zaidi inahitajika kabla ya kuendelea. Kichunguzi chenye volteji hakivuti elektroni kutoka mbali. Plazima hujikinga kwa kukizungushia tabaka jembamba la chaji, na nje ya tabaka hilo mvuto haufiki. Wanafizikia wa Kiingereza waliliita tabaka hilo kwa neno lile lile wanalolitumia kwa mfuko wa upanga, na Kiswahili kina neno lake tayari, yaani ala. Katika ayonosfia, ala huwa na unene wa milimita chache hadi sentimita kadhaa, kutegemea volteji, wingi wa plazima na halijoto yake.

Hali ya kwanza: kumbikumbi na taa

Panapokosekana uga sumaku na migongano, kukusanya ni kitenzi kilichotulia. Wenyeji wa Kakamega wanalijua jambo hili kutokana na kumbikumbi. Mvua inaponyesha na kumbikumbi wakatoka kichuguuni, taa huwekwa juu ya beseni la maji. Wadudu huruka ovyo pande zote. Wale wanaopita karibu na mwanga hugeuka, hulizunguka taa na kuanguka majini. Wanaokuja kutoka mashariki, magharibi, juu au pembeni wote wana njia ya kulifikia beseni. Mwenye beseni hakusanyi kijiji kizima, kwa maana mwanga wake una mpaka kama ala ilivyo na mpaka. Lakini hakuna upande uliofungwa.

Hii ndiyo hali aliyoishughulikia Langmuir katika mirija yake ya gesi hafifu. Kutokana nayo hutarajiwa kwamba shibe ya elektroni itaizidi sana shibe ya ayoni, kwa kuwa elektroni ni nyepesi na yenye mbio. Ayoni ya nitriki oksidi, ambayo ni mojawapo ya ayoni kuu za ayonosfia ya chini, ina uzito wa elektroni takriban 55,000. Kwa hesabu hiyo, shibe ya elektroni inapaswa kuwa zaidi ya mara 100 ya ile ya ayoni. Uwiano huu ni vyema ukumbukwe, maana ndio utakaovunjika.

Hali ya pili: mabati na mtungi

Uga sumaku hubadilisha mambo kwa namna isiyotarajiwa na mtu anayeanza somo. Elektroni iliyo ndani ya uga sumaku haizuiwi kwenda mbele au nyuma kuufuata mstari wa uga. Huko iko huru kabisa. Inachokatazwa ni kuuvuka mstari. Kila inapojaribu kwenda pembeni, kani ya sumaku huigeuza, ikazunguka duara dogo na kurudi pale pale. Mwendo wake hatimaye ni kama wa mmea mtambazi unaousokota uzi: hupanda na kushuka kwa uhuru, lakini hauachi uzi wake.

Ukubwa wa duara hilo juu ya Afrika Mashariki unaweza kukisiwa. Nguvu ya uga wa dunia katika ayonosfia ya eneo hili ni takriban mikrotesla 30. Kwa halijoto zilizoko huko, nusukipenyo cha duara la elektroni ni kama sentimita 1 hadi 3, nayo hulizunguka zaidi ya mara 800,000 kwa sekunde. Ayoni ya oksijeni katika tabaka la juu, kwa sababu ya uzito wake, huzunguka duara la mita kadhaa. Kwa kichunguzi chenye upana wa sentimita chache, ayoni ni kama haijui kwamba sumaku ipo. Elektroni inajua vizuri sana.

Sasa fikra ya kumbikumbi inaporomoka. Iwapo kila kumbikumbi angekuwa amefungwa kwenye uzi ulionyooka, taa ingewaka usiku kucha bila kuwapata wale ambao nyuzi zao hazipiti juu ya beseni. Wangeiona, wangeyumba kidogo, wasifike. Wanaofika ni wale tu ambao nyuzi zao zinaligusa beseni. Kitenzi kinachoielezea hali hii kimo katika lugha ya kila siku, nacho ni kukinga. Mvua ikinyesha juu ya mabati, mtungi huwekwa chini ya ukingo wa paa. Mtungi hauvuti maji. Hupokea yale yanayoshuka kwenye mstari wake, na tone linalodondoka hatua moja pembeni limepotea. Mwenye haja ya maji zaidi hana budi kutafuta chombo chenye mdomo mpana, au kukigeuza chombo chake kiuelekee mdondoko.

Kukinga kuna matokeo ya kihesabu. Tufe lisilo katika uga hupokea elektroni kwa eneo lake lote. Likiwa katika uga mkali, duara la elektroni likiwa dogo sana kuliko tufe, huzipokea kwa kivuli chake tu, yaani duara moja upande huu wa mstari na duara moja upande wa pili. Jumla ya maeneo hayo mawili ni nusu ya eneo la tufe. Kisahani nacho huathiriwa na mwelekeo wake: kikiukabili uga hukinga vizuri, kikilala sambamba nao hakipati kitu ila kwenye ukingo. Kuongeza volteji husaidia kidogo. Parker na Murphy walionyesha mwaka wa 1967 kwamba pasipo migongano, elektroni haiwezi kufika kwenye kichunguzi kutoka nje ya umbali fulani wa pembeni, na kwamba ziada inayopatikana hukua kwa uzito: volteji ikiongezwa mara 4, ziada hiyo huongezeka mara 2 tu.

Hali ya tatu: kisima

Hadi hapa migongano haijatajwa. Neno mgongano katika Kiswahili huja na harufu ya hasara: magari hugongana, maslahi hugongana, na katika tamthilia mgogoro huzaliwa pale wahusika wanapogongana. Mwanafunzi wa fasihi atakayesoma kwamba elektroni hugongana na atomi atatarajia kwamba migongano inazizuia kufika. Katika plazima isiyo na sumaku, matarajio yake ni sahihi. Gesi inapokuwa nzito, elektroni husukumwa huku na huku kama mtu anayejaribu kupita sokoni siku ya gulio, na mkondo wa kichunguzi hushuka.

Katika plazima yenye uga sumaku, mgongano hufanya kazi mbili zinazopingana. Kwa upande wa kuufuata mstari, bado ni kizuizi. Kwa upande wa kuuvuka mstari, ndio njia ya pekee. Elektroni inayozunguka uzi wake haina namna ya kuuacha mpaka igongwe. Ikigongwa na atomi, mzunguko wake huvunjika, ikaanza duara jipya kuuzunguka uzi wa jirani, hatua isiyozidi sana nusukipenyo kimoja. Ikigongwa tena, huruka tena, pengine mbele, pengine nyuma. Usambaaji wa pembeni hujengwa na hatua hizo ndogo. Kadiri migongano inavyoongezeka, ndivyo unavyoongezeka.

Hapo kukinga nako hakutoshi, na kitenzi kinachofaa ni kuteka. Mtu anayeteka maji kisimani huondoa yale yaliyopo, na kisima hujazwa na yanayopenya polepole kutoka kwenye udongo wa pembeni. Kasi ya kuteka kwa siku nzima haitegemei ukubwa wa ndoo. Hutegemea upenyaji. Vivyo hivyo, kichunguzi kinachopokea elektroni huuteka mrija wa uga unaokigusa: elektroni zilizomo humalizika, na mrija huo, urefu mrefu mbele na nyuma ya kichunguzi, huwa na upungufu. Kinachoujaza ni migongano inayozirusha elektroni za jirani ndani yake. Pasipo migongano wala msukosuko mwingine wa pembeni, mrija ungetegemea tu kinachotoka mwishoni mwa mstari wenyewe.

Urefu wa upungufu huo unaweza kukisiwa kwa njia rahisi. Itafutwe nisbati ya kasi ya kuzunguka kwa elektroni, ikihesabiwa kwa radiani, na idadi ya migongano yake kwa sekunde. Nisbati hiyo ikiwa 100, usambaaji wa pembeni huwa karibu sehemu moja kwa 10,000 ya ule wa kuufuata mstari, na kivuli cha kichunguzi huenea kama mara 100 ya upana wake. Tufe la sentimita 10 huacha kivuli cha takriban mita 10. Chombo kidogo kiasi cha kushikwa kwa kiganja kinaupunguzia mrija elektroni kwa urefu wa basi! Ndiyo maana katika maabara zenye uga mkali ule uwiano wa shibe mbili, uliotarajiwa kuwa zaidi ya 100, umeonekana ukishuka hadi 10 hivi.

Faida ya migongano, hata hivyo, ina kikomo. Ikizidi hadi elektroni igongwe kabla haijakamilisha sehemu ya maana ya duara lake, uga husahauliwa, na mgongano hurudia tabia yake ya kwanza ya kuzuia. Usambaaji wa pembeni hufikia kilele pale ambapo nisbati iliyotajwa ni 1. Katika anga ya dunia, mahali hapo ni takriban kilomita 70 hadi 80 juu ya ardhi.

David Bohm na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka wa 1949, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuishughulikia hali hii ya tatu kwa makini. Waliona kwamba kichunguzi kikubwa katika uga sumaku hakipimi plazima iliyokuwepo kabla ya kichunguzi kuingia. Hupima plazima ambayo chenyewe kimeshaipunguza.

Anga ya Kenya

Mambo haya yote matatu hupatikana juu ya Afrika Mashariki, kwa kupanda tu kutoka ardhini. Ikweta ya sumaku haipiti pale ipitapo ikweta ya jiografia. Hupita kaskazini, nchini Ethiopia. Kakamega, iliyo karibu kabisa na ikweta ya jiografia, iko kusini mwa ile ya sumaku, na mistari ya uga juu yake hulala kuelekea kaskazini kwa mwinuko mdogo. Kwa kusema wazi, nyuzi za elektroni zimetandikwa angani kutoka kusini hadi kaskazini kama kamba za kuanikia nguo.

Katika kimo cha takriban kilomita 105, elektroni hugongana na atomi makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, jambo linalofanya nisbati ya sumaku kwa migongano kuwa zaidi ya 100. Ayoni katika kimo hicho hicho hugongana mara nyingi kabla ya kumaliza duara moja. Elektroni zimefungwa kwenye nyuzi, ayoni zinaburutwa na upepo. Tofauti hiyo ndiyo huzaa mkondo mkali wa umeme unaotiririka mchana juu ya ikweta ya sumaku, na ndiyo hulifanya eneo hilo kuwa mfano halisi wa plazima yenye sumaku na migongano kwa pamoja. Uchunguzi wa roketi katika mkondo huo ulifanywa sana kutoka Thumba, kusini mwa India, ambako roketi ya kwanza ilirushwa tarehe 21 Novemba 1963. Watafiti wa huko walitumia vichunguzi vya Langmuir.

Kenya nayo ilikuwa na uwanja wake. Majukwaa ya San Marco, yaliyosimikwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, chini ya uongozi wa Mwitaliano Luigi Broglio, yalirusha setilaiti kati ya mwaka wa 1967 na 1988. Setilaiti ya San Marco 2, iliyoondoka hapo tarehe 26 Aprili 1967, ilibeba kifaa cha redio cha kukadiria wingi wa elektroni. Ile ya mwisho, ya tarehe 25 Machi 1988, ilipima kasi ya ayoni na uga wa umeme. Ni kweli kwamba neno moja la Kiswahili lilipaa kutoka Ngomeni, nalo ni Uhuru, jina la setilaiti ya Marekani iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwa nyota. Jina lilikuwa la Kiswahili. Matokeo ya utafiti yalitangazwa katika majarida ya Kiingereza. Wavuvi wa Ngomeni walistahili maelezo yaliyozidi jina.

Juu zaidi ya kilomita 400, migongano na atomi huwa michache, na hali huielekea ile ya pili. Setilaiti tatu za Swarm za Shirika la Anga la Ulaya, zilizorushwa tarehe 22 Novemba 2013 zikiwa na vichunguzi vya Langmuir, zilitoa vipimo viwili kwa kila sekunde, na njia yake ilipita juu ya Kenya mara kwa mara. Kwa kupima wingi, upande wa ayoni ulitegemewa. Sababu imeshaelezwa: ayoni haijui kwamba sumaku ipo.

Setilaiti hujiongezea jambo moja ambalo mtungi hauna, yaani mwendo. Ikikimbia kilomita zaidi ya 7 kwa sekunde na kuikata mistari ya uga, kila mara hufika kwenye mrija mpya ambao haujatekwa, kama mchotaji asiyerudi kwenye kisima kimoja. San Marco ya mwaka wa 1988 ilizunguka karibu sambamba na ikweta, kwa hiyo iliikata mistari. Swarm hupita kutoka ncha hadi ncha ya dunia, na juu ya Kenya huenda karibu sambamba na mistari. Vyombo viwili vikipita juu ya mji mmoja havina uhusiano mmoja na nyuzi zake.

Kisa cha mwaka wa 1996 kinafaa kutajwa hapa. Mwezi Februari mwaka huo, chombo cha Columbia kiliachilia tufe la Kitaliano lililofungwa kwa waya uliokusudiwa kufika kilomita 20 hivi. Waya ulikatika ukiwa umebakia kidogo kukamilika, lakini kabla ya hapo tufe lilikuwa limepokea mkondo mkubwa kuliko kikomo cha Parker na Murphy, mara mbili na zaidi. Nadharia ya kukinga haikuwa imekosea hesabu. Ilikuwa imekichukulia chombo kana kwamba kimesimama.

Juu ya kitenzi

Mhadhiri wa isimu anaweza kupinga kwamba istilahi haifai kugawanyika: dhana moja, neno moja. Pingamizi hilo lina uzito, na kanuni hiyo imefanya kazi nzuri, kwa mfano katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka wa 1990. Lakini hapa dhana si moja. Kiingereza kilirithi neno la Langmuir lililofaa mirija yake na kikalibeba hadi kwenye ayonosfia na mitambo ya maabara kwa mazoea. Kiswahili hakina deni hilo. Mfasiri anayeanza leo anaweza kuandika kwamba kichunguzi hukusanya elektroni pasipo uga, huzikinga penye uga usio na migongano, na huziteka penye vyote viwili, na msomaji akapata nusu ya fizikia kutokana na vitenzi peke yake.

Ugumu upo. Kukinga kuna maana ya pili, ile ya kuzuia madhara, na mafundi umeme wameshaizoea. Sentensi isemayo kwamba metali inakinga elektroni itaeleweka na wengi kinyume chake. Kauli ya kutendea huondoa utata kwa kiasi fulani, kwani mtungi hukingiwa maji, na mtu hakingiwi mshale kwa maana hiyo. Kuteka nako kuna watekaji nyara. Muktadha wa kisima ukitajwa mapema katika matini, wasiwasi huo hupungua. Faharasa ikitoa neno tupu bila mfano, hautapungua.

Uzito wa chaguo hili huonekana kwenye tarakimu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kichunguzi hukusanya atachukua shibe ya elektroni iliyopimwa kilomita 105 juu, ataiingiza kwenye kanuni ya Langmuir, na atapata wingi mdogo kuliko ulioko. Atasoma upungufu wa kisima na kuuita ukame wa nchi. Halijoto yake nayo huenda ikapanda kuliko ilivyo, kwa sababu pembe ya mchoro pale shibe inapoanza huwa imepigwa butu. Aliyefundishwa kwamba huteka atauliza kwanza: ni nini kinachoujaza mrija, na kwa kasi gani?

Imebaki hali moja ambayo haijapata kitenzi. Mkondo wa ikweta hauko shwari. Elektroni zikiipita ayoni kwa kasi iliyozidi kiwango, mawimbi huzuka ndani ya plazima yenyewe, kama Farley na Buneman, kila mmoja kwa njia yake, walivyoeleza mwaka wa 1963. Mawimbi hayo huzirusha elektroni kutoka uzi hadi uzi bila kuhitaji atomi ya kuzigonga, na mrija hujaa haraka kuliko migongano inavyoruhusu. Kisima kinajazwa huku maji yakikorogwa. Kutibua kungefaa kwa upande wa maji, ila hakusemi lolote juu ya anayeteka, na vitenzi viwili kwa pamoja ni vingi mno kwa kidahizo kimoja.